Ushahidi wa Galaksi Moja

Picha ilitua kwenye grupu ya familia saa nne usiku, kati ya orodha ya mchango wa mazishi na tangazo la mtu anayeuza mbolea. Ilitumwa na binamu yangu anayefanya kazi Kisii mjini. Madoa yanayong'aa yameunganishwa na nyuzi nyembamba, na kati yake mashimo meusi kama mashimo ya wavu. Chini yake ameandika maneno matano: "Kumbe hata mbinguni kuna abarogi."

Omorogi ni mchawi kwa Ekegusii, wengi wao ni abarogi. Grupu ilijaa emoji za kucheka. Nami nilicheka, sitajifanya. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu sisi tuliolelewa kwenye vilima vya Kisii na Nyamira tunajua neno hilo linaweza kufanya nini likitoka kwenye utani likaingia barabarani. Mei 2008, watu 11 walichomwa na umati huko kwetu kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hizo hizo. Sikuwa mbali na vijiji vya aina hiyo. Nimevitembea, nimekula huko, nina watu huko.

Kwa hiyo hiyo picha nimekaa nayo muda mrefu kuliko nilivyokaa na riwaya yoyote mwaka huu, na ninataka kuihakiki jinsi tunavyohakiki kitabu. Imesema nini? Imesemaje? Na msomaji wa kwetu anapoipokea kwenye simu, bila maelezo, anapokea nini hasa?

Ni ramani iliyotolewa Mei 2021 na mradi unaoitwa Dark Energy Survey. Kamera ya pikseli milioni 570 ilifungwa kwenye darubini ya mita nne kule Chile, ikapiga picha anga usiku baada ya usiku. Kutoka kwa picha hizo wanasayansi walipima maumbo ya galaksi takriban milioni 100, wakachora mahali ambapo mata imejazana na mahali ambapo hakuna kitu, kwenye eneo la moja ya nane ya anga lote. Sehemu kubwa ya mata hiyo haitoi mwanga wala haizuii mwanga. Hakuna jicho wala kamera iliyowahi kuiona.

Kosa la kwanza la ramani liko hapo: inafanana na fotografia. Ina mng'ao, ina kina, ina ule uzuri wa picha za anga tulizozoea kuweka kama wolpepa ya simu. Mtu yeyote mwenye akili timamu akiiona atadhani kuna mahali mtu alielekeza kamera na hivi ndivyo vilivyotokea. La hasha. Kila doa kwenye ramani hiyo ni hitimisho. Limetokana na hesabu juu ya vitu vingine vilivyo nyuma yake, kisha likapakwa rangi. Kosa la pili linachekesha zaidi. Kitu tunachoambiwa ni cheusi kimechorwa kwa mwanga, na sehemu zilizo tupu ndizo zimepakwa weusi. Binamu yangu alipoona yale mashimo meusi alidhani ndiyo yenyewe. Ni nani angemlaumu?

Ninaipenda zaidi ramani ya zamani, ile ya Januari 2007 iliyotokana na eneo dogo la anga lililopigwa picha na darubini ya Hubble. Hiyo ilitumia galaksi kama nusu milioni tu. Ilionyesha mata kwa pande tatu, na inafanana na jiwe la Tabaka kabla halijamaliziwa. Umewahi kufika Tabaka? Fundi analikata jiwe la sabuni kwa panga, anatoa umbo la jumla, mabonge tu, huwezi kujua kama ni kiboko au ni mama na mtoto. Baadaye wengine hulikalia na msasa na maji, mara nyingi wanawake, mpaka linateleza, ndipo linapakwa nta na kupelekwa sokoni. Ramani ya 2007 ni ile ya panga. Unaona mabonge, unaona kwamba upande ulio karibu nasi mabonge yamekazana zaidi kuliko upande wa mbali, yaani mata imeendelea kurundikana kadiri ulimwengu ulivyozeeka, na unaona pia kwamba aliyelikata hakuwa na uhakika na kingo. Ile ya 2021 ina sayansi bora mara nyingi, hilo silipingi. Lakini imepigwa msasa. Kihalisi kabisa: data hulainishwa ili makelele yapungue, na jinsi unavyolainisha ndivyo unavyoamua ni bonge lipi lionekane na lipi lipotee. Mtazamaji haambiwi.

Basi hitimisho lenyewe linatoka wapi? Hapa naomba subira kidogo, maana utamu wote uko hapa, na ndipo nilipogundua kwamba siyo anga pekee ninayoisoma.

Mata ina uzito, na uzito hupinda njia ya mwanga. Mwanga wa galaksi ya mbali husafiri mabilioni ya miaka kuja kwetu, na njiani unapita kando ya marundo ya mata, yanayoonekana na yasiyoonekana. Kila rundo linauvuta kidogo. Mwanga ukifika kwenye darubini, umbo la galaksi limebonyezwa kidogo, limerefushwa upande mmoja. Rundo likiwa kubwa sana, galaksi hugeuka kuwa utepe uliojikunja, na hata mtoto anaweza kukuonyesha kwa kidole. Hiyo ni lenzi kali. Lakini sehemu kubwa ya anga haina marundo ya namna hiyo. Kilichopo ni mpindo mdogo mno, na wataalamu wanauita lenzi hafifu ya graviti. Umbo linabadilika kwa asilimia moja, mara nyingi chini ya hapo.

Shida ni kwamba galaksi hazikuzaliwa zikiwa duara. Nyingi ni duaradufu tangu mwanzo, zimelala huku na kule kila moja kivyake, na umbo lake la asili linaweza kutofautiana na duara kwa kitu kama asilimia 30. Sasa ukiiona galaksi moja imerefuka, utajuaje ni sehemu gani amezaliwa nayo na ni ipi amebonyezwa njiani?

Huwezi. Hili naomba lisikike. Kwa galaksi moja, huwezi kabisa.

Fikiria shamba la migomba kwenye mteremko, sema pale ukishuka kutoka Manga. Unataka kujua upepo wa eneo hilo huvuma kuelekea wapi, lakini umefika siku isiyo na upepo. Unaangalia mgomba mmoja: umeinama kushoto. Ni upepo? Labda ni uzito wa mkungu. Labda mtu aliuegemea. Labda mzizi umeoza. Mgomba mmoja hauna la kukuambia. Lakini pima migomba elfu kumi, andika kila mmoja umeinama wapi na kwa kiasi gani, kisha tafuta wastani. Mikungu ya kushoto na ya kulia itafutana. Mizizi mibovu itafutana. Kikibaki kitu kidogo kinachoelekea upande mmoja, hicho hakikutoka kwa mgomba wowote. Kimetoka kwa kitu kilichoigusa yote. Ndivyo ilivyo kwa galaksi. Kwa galaksi 10,000 makelele yanashuka mara 100, kutoka asilimia 30 hadi 0.3, na ule mpindo wa asilimia moja unaanza kujitokeza. Ndiyo maana wanahitaji mamilioni. Haikuwa rahisi: watu walijaribu tangu miaka ya 1980, na mpindo huu kwenye anga la kawaida, pasipo kishada kikubwa cha galaksi cha kuulazimisha, ulipimwa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, na vikundi vinne tofauti karibu kwa wakati mmoja.

Shamba langu la migomba lina mitego miwili, na mbingu inayo pia.

Wa kwanza: huenda wewe mwenyewe ndiye umeinamisha kichwa. Hewa inayotetemeka juu ya darubini, kioo chenye kasoro ndogo, kamera iliyokaa vibaya, vyote hurefusha maumbo, tena kwa kiasi kinachozidi kile unachotafuta. Kwa hiyo kabla ya kushuku anga, mpimaji huanza kujishuku. Anaangalia nyota, ambazo zinapaswa kuonekana kama nukta, na kama nukta zimerefuka anajua kosa ni lake na anajua aliondoeje.

Wa pili ndio ulionifanya niweke simu chini. Migomba ya shina moja huinama kwa kuachana, kila mmoja ukikimbia mwenzake, kwa sababu inashiriki mzizi. Ukiihesabu kama mashahidi watano, umedanganyika. Ni shahidi mmoja aliyesema mara tano. Galaksi zilizo jirani nazo hupangika pamoja kwa sababu zilizaliwa ndani ya rundo moja na kuvutwa na mawimbi yale yale ya graviti, na mpangilio huo hujifanya mpindo wa lenzi. Wachambuzi hutumia muda mwingi kutenganisha makubaliano yaliyotoka kwa kitu cha kweli na makubaliano ya majirani. Hebu tafakari hilo kama mtu aliyelelewa kijijini.

Kabla sijarudi huko, nipite pwani mara moja, kwa sababu nimechoka na ile dhana kwamba mambo haya ni ya Wazungu na sisi kazi yetu ni kufowadi picha. Mei 29, 1919, jua lilipatwa, na vipimo vilivyochukuliwa kisiwani Principe na kule Sobral, Brazil, vilionyesha kwamba jua hupinda mwanga wa nyota kwa kiasi alichotabiri Einstein. Kivuli cha kupatwa huko hakikuishia Principe. Kilikatiza Afrika hadi huku kwetu, upande wa Ziwa Tanganyika na kuendelea. Na Desemba 12, 1970, miaka saba kamili baada ya bendera kupandishwa, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina Uhuru, kwa heshima ya siku na ya nchi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kupima eksirei za anga tu. Miongoni mwa vitu ilivyobaini ni kwamba vishada vikubwa vya galaksi vimejaa gesi ya moto mkali mno, na baadaye ikathibitika kwamba gesi hiyo ina uzito kuliko nyota zote za kishada zikiwekwa pamoja.

Hiyo gesi ndiyo iliyokuja kuwa nusu ya ushahidi mashuhuri wa 2006. Vishada viwili viligongana na kupitana. Gesi zilikwama katikati kama umati kwenye mlango mmoja, lakini mpindo wa mwanga ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya uzito ilikuwa imeshapita, iko mbele pamoja na galaksi. Picha yake umeiona, hata kama hujui umeiona: waridi kwa gesi, buluu kwa uzito usioonekana. Na hapa tena mhakiki ndani yangu ananung'unika. Waridi ni kitu kilichopimwa kwa mwanga wake chenyewe. Buluu ni hitimisho kutokana na maumbo ya galaksi za nyuma. Vyote viwili vimepakwa kwa brashi moja, vyote vina kingo laini vilevile. Kwenye riwaya tungesema msimulizi amechanganya alichokiona na alichosikia, na tungemdai alama ya kututenganishia.

Tuje kwenye lugha, maana picha haikufika peke yake. Ilifika na jina.

Kwa Kiingereza wanasema mata hiyo ni nyeusi, au ni ya giza, na sisi tukitafsiri tunachukua neno zima zima: mata nyeusi, mata ya giza, chagua lako. Jina hilo ni baya hata kwao. Kitu cheusi hunyonya mwanga. Makaa ni meusi. Kitu hiki hakinyonyi chochote. Mwanga wa galaksi ya nyuma unakipita kana kwamba hakipo, unapindwa tu njia. Ni kama kioo cha dirisha kilichosafishwa vizuri mpaka ndege anajigonga. Kingekuwa cheusi kweli tusingeweza kukipima kwa njia hii, kwa sababu kingezuia galaksi zile zile tunazohitaji kuzipima.

Kwa Kiswahili kuna zaidi ya kosa la fizikia. Giza kwetu lina kazi tayari. Nguvu za giza. Watu wa giza. Mambo ya gizani. Mhubiri kwenye redio asubuhi akisema "giza" hakuna anayedhani anaongea juu ya fotoni. Sasa unampelekea mtu picha ya kutisha kidogo, unamwambia asilimia kubwa ya uzito wa ulimwengu ni giza, haionekani, na inavuta kila kitu, na wanasayansi wamethibitisha. Binamu yangu hakukosea kusoma. Alisoma kwa usahihi kabisa maneno aliyopewa. Aliyekosea ni mtafsiri, na mtafsiri ni mimi na wewe tunaoandika mambo haya haraka haraka ili yapate laiki. Mimi sasa naandika "mata isiyoonekana", neno refu lisilo na mvuto wowote, na nitaendelea nalo mpaka mtu anipe bora zaidi.

Nilitaka kuishia hapo, kwenye picha na neno. Lakini kuna mtu nimekuwa nikimzunguka.

Magokoro, bibi yangu mzaa baba, alikuwa na macho mekundu. Alipika kwa kuni miaka zaidi ya sitini kwenye jiko lisilo na dirisha, sasa ulitaka yawe rangi gani? Alipofikisha themanini hivi akawa halali vizuri, akiamka saa tisa usiku anatembea uani, wakati mwingine mpaka njiani, akiongea na watu waliokufa kabla sijazaliwa. Leo ningesema ni akili ya uzee inayosahau. Wakati huo jirani mmoja alisema amemwona. Mke wa huyo jirani akasema naye amemwona. Ndugu zake watatu wakasema. Mtoto wa mtu akaugua homa. Watu wakaacha kumwamkia. Hiyo ilitosha baba kuja na gari la kukodi usiku na kumhamishia mjini, ambako alikufa kitandani baada ya miaka mitatu, akiuliza kila asubuhi kwa nini hawezi kurudi kwake. Hakuchomwa. Tulikuwa na bahati na tulikuwa na nauli.

Tazama jinsi hoja ilivyojengwa. Macho mekundu: mgomba mmoja umeinama. Mashahidi watano: shina moja, mzizi mmoja, meza moja ya chakula cha jioni. Na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama kichwa chake mwenyewe ndicho kimeinama, kwa mfano kwamba kulikuwa na mgogoro wa mpaka kati ya shamba lao na letu, na kwetu mpaka si jambo dogo. Kulingana na sensa ya 2019, Kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba, mashambani tu hivyo, na Nyamira ina zaidi ya 600. Kuna uzito mkubwa uliorundikana hapo, hauonekani kwenye uso wa mtu yeyote, na unapinda kila neno linalopita. Ukitaka kuutafuta, usiutafute machoni mwa bibi kizee.

Jambo lililonigusa zaidi katika kazi za hawa wapimaji wa mpindo hafifu ni desturi moja ambayo haionekani kwenye ramani yoyote. Wanajifumba macho. Makusudi. Wanajua kwamba mtu akishajua jibu analolitaka, atalipata, tena kwa nia njema kabisa, kwa kuangalia tena pale panapomkera na kutoangalia pale panapomfurahisha. Kwa hiyo timu kama ile ya KiDS, iliyotumia darubini nyingine huko huko Chile, iliandaa matoleo kadhaa ya data, moja la kweli na mengine yamechezewa kidogo, na wachambuzi wakafanya kazi yote bila kujua lipi ni lipi. Maamuzi yote yanafungwa kwanza. Ndipo pazia linafunguliwa, na ulichopata ndicho ulichopata.

Na kuna kipindi walipata kitu cha kutia hamu. Kwa miaka kadhaa vipimo vya lenzi hafifu vilisema ulimwengu wa sasa umerundikana kidogo kuliko ilivyotarajiwa ukianza na ile nuru kongwe iliyopimwa na setilaiti ya Planck. Kipimo cha mrundikano walichokipata KiDS kilikuwa kama 0.76, na cha Planck kama 0.83. Tofauti ndogo, lakini ilijirudia, na wasee wakaanza kuandika kuhusu fizikia mpya. Ilikuwa stori tamu. Mwaka 2025, KiDS wakatoa uchambuzi wao wa mwisho, wenye anga zaidi na umbali wa galaksi uliopimwa vizuri zaidi, na kipimo kikapanda hadi takriban 0.815. Pengo upande wao likazibika karibu lote. Sehemu kubwa ya ile siri ilikuwa kwenye vipimo vyao wenyewe, na wao ndio walioandika hivyo. Mjadala haujaisha, kuna timu nyingine na darubini mpya: Euclid iko angani tangu Julai 2023, Rubin ilitoa picha zake za kwanza Juni 2025. Lakini nilisoma hilo tangazo la KiDS nikafikiria, manze, ingekuwaje kama mtu angerudi kijijini kwetu akasema: tulipima vibaya, tulikuwa karibu sana, tunaomba radhi.

Najua mlinganisho wangu una kikomo. Galaksi haifi ukiipima vibaya, wala haisikii ukiisengenya. Na wastani wenyewe si mtakatifu. Nairobi nimeishi miaka kumi na moja, na kila mara nikisema natoka Kisii kuna mtu wa kuniuliza, huku akicheka, kama nimekuja na ungo wa kupaa usiku. Huyo anafanya kosa lililo kinyume: amechukua habari mbili za kutisha, akazifanya tabia ya watu milioni moja na laki nane na kitu wa kaunti mbili, kisha akamvisha mtu mmoja aliyekaa mbele yake akila chipo. Wapimaji wa anga hawaruhusu hata hilo. Wastani unakuambia kuhusu rundo lililo katikati ya njia. Ukiurudisha kwa galaksi moja, kusema hii hapa ndiyo imepindwa, umerudi ulikoanza. Hauna uhakika wowote juu yake.

Kwa hiyo kwa wanaotengeneza hizi ramani nina ombi dogo la kihakiki: pembeni ya ramani iliyong'arishwa, wekeni galaksi tatu, nne hivi, za kawaida, zenye ukungu, za pikseli chache, kama zilivyoingia kwenye kamera. Tuone jinsi ushahidi mmoja mmoja ulivyo duni. Uzuri wa kazi hii uko kwenye huo uduni, na ramani imeufuta.

Usiku ule nilimwandikia binamu maelezo ya kuweka chini ya picha, badala ya yale maneno yake matano. Niliandika hivi: "Hii si picha iliyopigwa. Ni hesabu ya maumbo ya galaksi milioni 100. Panapong'aa ndipo tunaamini pana uzito mwingi. Hatujui uzito huo ni wa kitu gani. Hakuna galaksi hata moja iliyoulizwa peke yake."

Tiki za buluu zilikuja baada ya dakika mbili. Akakaa kimya kidogo. Kisha akaandika, kwenye inbox yangu, si kwenye grupu: "Mbona ile siku hawakumuuliza magokoro?"

Nikamwambia walimuuliza. Peke yake.